Usaili wa studio za opera Kanada: aria tano, video na mkataba wa kwanza

Mwimbaji anayemaliza shahada ya muziki Toronto, Montreal au Vancouver haruki moja kwa moja kwenye nafasi kubwa za jukwaani. Hupitia studio, yaani programu ya kampuni ya opera inayomchukua mwimbaji kijana kwa msimu mmoja au zaidi, ikamlipa, ikampa makocha na nafasi ndogo jukwaani, na ikamfundisha nafasi kubwa ili awe tayari siku mwimbaji mkuu akiugua. Iliyo na jina zaidi ni Ensemble Studio ya Canadian Opera Company (COC) mjini Toronto, iliyoanza mwaka 1980. Ben Heppner, mwimbaji maarufu wa opera, alipita hapo, na baada yake Emily D'Angelo, mshindi wa mwaka 2018 wa Operalia, shindano la kimataifa la waimbaji wa opera. Montreal ina Atelier lyrique de l'Opéra de Montréal tangu 1984, na Calgary na Vancouver zina programu zao.

Nafasi ni chache. Huenda mwaka fulani studio ikahitaji tenori (sauti ya juu ya kiume) mmoja tu na isihitaji soprano (sauti ya juu ya kike) kabisa. Kwa hiyo majaji hawatafuti sauti kubwa kuliko zote zilizoingia siku hiyo. Wanatafuta mtu wanayeweza kumpa kazi msimu ujao, katika opera walizokwisha kuzipanga. Maandalizi yako yote yalenge hapo: waonyeshe sauti uliyonayo leo, siyo ile unayotarajia kuwa nayo ukifika miaka 35.

Kalenda ihesabiwe kinyumenyume

Usaili mwingi hufanyika msimu wa vuli, Septemba hadi Novemba, kwa ajili ya msimu unaoanza karibu mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo aria zote, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja ndani ya opera, ziwe kichwani kufikia Juni. Julai uziimbe mbele ya watu, hata kama ni sebuleni kwa rafiki mwenye piano, kwa sababu makosa ya pumzi hujitokeza mbele ya watu na hujificha ukiwa peke yako. Agosti urekodi. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kujifunza aria ya Kijerumani huishia kurekodi kitu ambacho bado hakijamkaa mwilini.

Soma masharti kabla ya kulipa ada. Programu nyingi za Kanada hupokea raia na wakazi wa kudumu tu, na nyingine huweka ukomo wa umri. Matangazo mengi hukusanywa kwenye tovuti ya YAP Tracker, lakini tarehe ya mwisho ithibitishe kwenye tovuti ya kampuni yenyewe.

Kuchagua aria tano

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa huanzia kwenye aina ya sauti. Vijana wengi wa familia za Kikongo, Kirundi, Kenya na Tanzania walioko Kanada walianza kuimba kwaya ya kanisa, ambako sauti ni nne na basi. Katika opera baritoni (sauti ya kiume kati ya tenori na besi) ni sauti kamili yenye nafasi zake, na mezzo (sauti ya kike iliyo chini ya soprano) vilevile, wakati kwaya humsukuma baritoni kwenye sauti ya tatu au ya nne kulingana na upungufu wa siku hiyo. Usijiandikishe usaili kwa sauti uliyopangiwa kwaya. Wala usijipime kwa nota ya juu kabisa unayoifikia. Jipime kwa eneo ambalo sauti yako inaweza kukaa dakika kumi bila kuchoka. Chukua onyesho gumu la nafasi unayoitaka, uliimbe lote mara mbili mfululizo, kisha zungumza. Sauti ya kuzungumza ikitoka na mkwaruzo, nafasi hiyo bado si yako.

Orodha ya kawaida ni aria tano katika Kiitaliano, Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza, mojawapo ya Mozart na mojawapo ya karne ya 20 au 21. Soprano mwepesi anaweza kuwa na Susanna wa "Le nozze di Figaro", Cleopatra wa "Giulio Cesare" ya Handel, Juliette wa Gounod, Adele wa "Die Fledermaus", na Susannah wa Carlisle Floyd kwa Kiingereza. Baritoni anaweza kuwa na Conte wa opera hiyohiyo ya Mozart, Valentin wa "Faust", Wolfram wa "Tannhäuser" na Billy Budd wa Britten. Ya tano aichague kwa kuangalia pengo: kama nne za kwanza zote ni za huzuni na taratibu, ya tano iwe ya kuchekesha au ya kasi. Kutazama kazi za Kanada nako kuna faida, kwa mfano "Filumena" ya John Estacio (2003) au "Les Feluettes" ya Kevin March (2016), kwa kuwa kampuni za huko huagiza opera mpya na zinahitaji waimbaji wasioziogopa.

Tenori wa miaka 24 anayeleta aria ya Calaf kutoka "Turandot" anajiumiza. Nafasi hiyo imeandikwa kupita juu ya okestra nzito, na hata akiifikia nota ya juu, majaji wanajua hawawezi kumpa Calaf, na bado hawajasikia kama anaweza Mozart. Kosa jingine ni urefu. Nafasi ya usaili mara nyingi haizidi dakika kumi. Aria ya Anne Trulove katika "The Rake's Progress" ikiimbwa yote huchukua takriban dakika saba au nane, na hapo umewanyima majaji fursa ya kuomba ya pili. Kwa aria za Handel zinazorudia sehemu ya kwanza, amua mapema utakatia wapi.

Aria ya kwanza unaichagua wewe, ya pili wanaichagua wao. Anza na ile unayoweza kuiimba ukiwa na mafua kidogo na umelala kwa muda wa saa nne tu. Kisha ipe ya tano muda uleule uliowapa nne nyingine. Ndiyo inayoachwa nyuma, na majaji huiomba mara nyingi kwa sababu inatofautiana na ulichoanza nacho.

Kuhusu lugha: anayekulia Kiswahili ana irabu tano safi, nao ni mtaji mkubwa kwa Kiitaliano. Kinachomwangusha ni konsonanti maradufu. "Bella" ikiimbwa kama "bela", jaji aliyekaa Italia anasikia mara moja. Aliyesoma Kifaransa Bujumbura au Lubumbashi naye ana mtaji Montreal, ambako mazoezi huendeshwa kwa Kifaransa. Lakini asiimbe "r" ya kooni kama anavyozungumza. Katika uimbaji wa klasiki "r" hupigwa kwa ncha ya ulimi. Kwa Kijerumani, angalia "d" na "b" za mwisho wa neno, ambazo hutamkwa kama "t" na "p". Resitativo fupi, ile sehemu inayoimbwa kama mazungumzo, kabla ya aria ya Mozart usiiache, kwani majaji hupimia lugha hapo zaidi ya kwenye aria yenyewe.

Nota za mpiga piano

Mpiga piano wa kampuni atakutana nawe mara ya kwanza mlangoni. Nakala zichapwe pande zote mbili za karatasi, zigeuzwe kama kitabu, zikae kwenye faili la pete tatu. Usitumie mifuko ya plastiki inayong'aa, maana taa huakisi na nota hazionekani. Kagua kila ukurasa uone kama mstari wa chini wa mkono wa kushoto haujakatwa na mashine ya nakala. Kosa hili ni la kawaida mno, na matokeo yake ni besi kupotea katikati ya aria. Sehemu unazoruka zifutwe kabisa kwa wino mweusi, na mshale mmoja uonyeshe pa kutua. Pumzi zisizo za kawaida na sehemu unazosimama ziandikwe kwa penseli. Kama unaimba katika ufunguo tofauti, leta nota zilizokwisha kuhamishwa.

Mwendo mwonyeshe kwa kumwimbia kwa sauti ndogo vipimo (baa) viwili vya mwanzo. Kupiga vidole mbele yake ni utovu wa adabu, na hakumsaidii. Ukiwa na aria ngumu kwa mpiga piano kwenye orodha, kama za watunzi Stravinsky au Korngold, lete mpiga piano wako mwenyewe kama masharti yanaruhusu.

Video ya mchujo

Mchujo wa kwanza karibu kila mahali ni wa video, na majaji husikiliza nyingi kwa siku. Dakika ya kwanza ndiyo inayoamua kama wataendelea, kwa hiyo usianze na utangulizi mrefu wa piano. Kata ubaki na vipimo viwili.

Tafuta chumba kikubwa chenye dari ya juu na zulia dogo. Kanisa tupu linafaa, lakini lile lenye mwangwi wa sekunde tatu litakula konsonanti zako zote. Maikrofoni iwe mita 2.5 hadi 3 mbele yako, juu kidogo ya kichwa, na kifuniko cha piano kifunguliwe kidogo tu. Maikrofoni ikiwa karibu mno, sauti iliyofunzwa kujaza ukumbi husikika kavu na yenye kukoroma pumzi. Zima kirekebishaji cha sauti cha simu au kamera, kile kinachopunguza chenyewe nota kubwa na kupandisha ndogo, kwa sababu kinafuta kile hasa majaji wanachotaka kupima: tofauti kati ya kuimba kwa nguvu na kwa upole. Jaribu kwanza nota yako kubwa kuliko zote, na kipimo cha sauti kwenye kinasa kisipite −6 dB. Usiongeze mwangwi baadaye.

Kila aria irekodiwe mfululizo bila kuunganishwa vipande. Kosa dogo la neno moja ni afadhali kuliko alama ya mkato, maana jaji akihisi mkato haamini tena chochote.

Siku yenyewe

Kanada ni pana. Toronto iko mbele ya Vancouver kwa saa tatu, kwa hiyo usaili wa saa nne asubuhi Toronto ni saa moja asubuhi kwa mwili uliotoka Vancouver, na sauti nyingi hazijaamka wakati huo. Fika walau siku moja kabla. Ukiulizwa muda unaoutaka, omba alasiri.

Adui mwingine ni ukavu. Kuanzia Oktoba nyumba hupashwa joto na hewa ya ndani hukauka sana. Mashine ya kuongeza unyevu chumbani iweke kati ya asilimia 40 na 50. Maji yanywe tangu jana yake, kwani glasi unayoinywa mlangoni hailainishi nyuzi za sauti kwa wakati. Nje kukiwa na baridi kali, vuta pumzi kwa pua kupitia skafu na usizungumze njiani.

Pasha sauti dakika 20 hadi 30, kisha nyamaza. Anayeendelea kuimba koridoni kwa sababu ya woga huingia chumbani akiwa ameshamaliza sauti. Ukiingia, taja jina, aria na opera, basi. Macho yaelekee juu kidogo ya vichwa vya majaji, usimkazie mmoja wao. Wakikukatisha katikati ya aria usilichukulie kuwa ishara mbaya. Mara nyingi wamesikia walichotaka. COC pia imewahi kuwapandisha wa fainali jukwaani na okestra yake mbele ya hadhira, katika shindano la Centre Stage. Ukifika huko, fahamu kuwa sauti ya okestra hukufikia jukwaani ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo fuata mkono wa mwongozaji na usifuate unachosikia.

Wapiga ala wana njia nyingine. Okestra za Kanada kwa kawaida huwasikiliza kwanza raia na wakazi wa kudumu, nyuma ya pazia ili majaji wasimwone mpigaji, na asipopatikana mtu ndipo usaili hufunguliwa kwa dunia. Asiye na ala ya kutosha aangalie Musical Instrument Bank ya Canada Council for the Arts. Tangu 1985 imekuwa ikiazimisha ala za thamani, zikiwemo za Stradivari, fundi wa violini wa Italia, kwa njia ya mashindano.

Fedha na karatasi

Kabla ya kutuma maombi, jumlisha kwa kila usaili: ada, nauli, malazi, mpiga piano na saa za kocha. Maombi sita yaliyolingana na sauti yako yana faida kuliko ishirini ya kubahatisha, na fedha iliyobaki inalipia kocha.

Mkataba ukija, tafuta vifungu vinne: malipo ya mazoezi, malipo ya kusimama badala ya mwimbaji mkuu na nyongeza ukipanda kweli jukwaani, fidia onyesho likifutwa, na ruhusa ya kuchukua kazi nje ya studio. Kampuni kubwa nyingi huajiri waimbaji chini ya masharti ya Canadian Actors' Equity Association, chama cha wasanii wa jukwaani, kwa hiyo ofisi yao inaweza kukufafanulia kabla hujatia saini. Wakala, ukimpata, hukata takriban asilimia 10 hadi 15 ya malipo. Anayedai fedha mapema ili akuorodheshe, mwache.

Kazi za nje ya studio hukufanya mtu aliyejiajiri mbele ya kodi. Fomu ni T2125. Makaratasi yanawasilishwa mwisho Juni 15, lakini deni la kodi linatakiwa lilipwe kufikia Aprili 30, na riba huanza kuhesabiwa siku inayofuata. Vijana wengi hunaswa na tofauti hiyo. Mchango wa CPP, mfuko wa pensheni wa Kanada, utaulipa wewe mwenyewe kwa pande zote mbili, ya mwajiri na ya mwajiriwa, kwa hiyo tenga fedha kila malipo yanapoingia. Mapato yakipita dola 30,000 ndani ya robo nne mfululizo, unatakiwa kujisajili kwa GST/HST, yaani kodi ya mauzo. Masomo ya sauti, kocha, nota, nauli ya usaili na kamisheni ya wakala hutolewa kama gharama, mradi risiti zipo. Zitunze miaka sita.