Andika "yatosha" yako kabla ya kuongeza chumba

Wenzangu wenye kliniki binafsi, ofisi za uwakili au za ushauri nasaha: chukua kadi, andika kwa mkono mambo matatu yanayoonyesha kiwango kinachokutosha. Saa ya kufunga mlango, idadi ya wateja kwa siku ambao jioni bado unakumbuka shida ya kila mmoja, na pesa inayobaki mkononi baada ya kodi ya pango, mishahara na ushuru wa serikali (KRA). Ibandike ndani ya droo ya risiti. Yangu yasema saa kumi na nusu, wateja 6. Majuzi nilipewa chumba cha pili cha ofisi hapa Tudor, Mombasa, kwa bei nzuri sana. Nikafungua droo, nikafikiria foleni ya feri Likoni jioni na mtoto kulala kabla sijafika, nikakataa. Inasaidia kwa sababu uliamua ukiwa umetulia, kabla hujasikia mwenzako amefungua tawi Nyali. Ila ukiandika mapato yote badala ya kinachobaki, kadi itakudanganya. Na kama pango bado linakushinda, iweke kando kwanza, tafuta wateja.