Tafuta namba, usitafute jina: mfano wa makala (mkaa) ya maganda

Hapa Goma kuna wanaobana vumbi la mbao na maganda ya ndizi wapate makala yasiyokata msitu. Anayetaka kuombea kazi hiyo hataza, yaani breve, hati ya kumlinda mvumbuzi, aangalie kwanza nani alishaifanya. Akitafuta kwa neno "brikete" hati nyingi zitamponyoka: Wafaransa wana majina zaidi ya moja, Wajapani wanaandika kwa herufi zao. Namba ya IPC, mpangilio wa kimataifa wa kuainisha hataza, ni ileile kwa wote.

IPC, iliyotokana na Mkataba wa Strasbourg wa 1971, ina sehemu nane, A hadi H. Soma C10L 5/44 kutoka kushoto. C ni kemia na metalurjia. C10 ni petroli, gesi, koke na vya kuwasha. C10L ni vya kuwasha vyenyewe, 5/00 vile vigumu, 5/44 vya mimea.

Sasa jiulize: kipya ni nini hasa? Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu wanaainisha kitu kizima badala ya kile walichobuni. Mchanganyiko mpya unaenda C10L 5/44. Mashini ya kubania, B30B 11/00. Namna ya kuchoma maganda yageuke makala, C10B 53/02. Mbabula, F24B. Vikiwa vipya viwili, chukua namba mbili.

Andika kipya hicho kwa sentensi mbili za Kifaransa, uziweke kwenye IPCCAT, chombo cha kukisia namba, katika tovuti ya WIPO, shirika la dunia la hakimiliki. Itakupa namba za kujaribu. Bado si jibu. Fungua kila moja uhesabu nukta mbele ya maelezo yake. 5/44 ina nukta mbili, kwa hiyo iko chini ya 5/40, isiyo ya madini, yenye nukta moja. Ukisoma mstari wake peke yake utaona "mimea" tu, na utaielewa vibaya. Soma pia marejeo: F24C, ya majiko ya nyumbani, inamrudisha mwenye jiko la makala F24B.

Kisha ingia Espacenet, hifadhi ya hati za hataza kwenye mtandao, bila malipo, uandike ipc=C10L5/44. Hati zikizidi, ongeza neno moja. Zikipungua, panda hadi 5/40. Fungua kumi zinazofanana na yako, uangalie namba nyingine zilizobandikwa juu yake. Namba inayorudi mara tatu nawe hukuiwaza, itafute nayo.