Somo: namna ya kuona na kupiga foto buibui mudogo wa kuruka mu majani ya mulima

Bandugu, mingi muliniuliza ile foto ya buibui niliipiga na aparei gani, njo naleta somo. Ni telefone tu, na kazi kubwa haiko foto, ni kuiona kwanza. Hii ni buibui ya familia ya Salticidae, ile yenye haitege nyavu, inawinda kwa kuruka. Mu dunia spishi zake zimepita 6,000, na zile ndogo za mu majani huku juu ya Bukavu, ku Kabare na Walungu, ni milimita 3 ao 4 hivi, nusu ya punje ya muchele, basi ukitembea mbio hautaona kitu.

1. Saa na fasi
Usiende mapema. Milima yetu inaamka na ukungu, na buibui iko ingali ndani ya kamufuko kake ka uzi, kwenye jani yenye imejikunja ao chini kabisa mu majani. Toka saa ine mpaka saa sita njo muzuri. Kiangazi utafute fasi yenye haiyachomwa, unajua vile wachungaji banachoma malisho. Parke ya Kahuzi-Biega uiache, pale haubebe hata mududu bila ruhusa. Malisho ya ng'ombe inatosha, uombe mwenye fasi, na uvae bote juu ya nyoka.

2. Ukae chini
Hapa njo batu banashindwa. Macho yake ni munane, ile ya pembeni inashika kila kitu yenye inatikisika, kumbe yeye anakuona mbele umuone, na akikuona anazunguka nyuma ya jani. Basi ukae, kivuli yako isianguke ku majani yenye unaangalia, na unyamaze na mikono. Uangalie ncha za majani na maua. Kitu yenye inatembea kidogo, inasimama, inatembea tena, kisha inageuka yote nzima inakuangalia mu uso, ni yeye huyo, juu buibui za nyavu hazinaga hiyo tabia ya kugeuka kukuangalia.

3. Shuka
Ukikosa, tandika shuka nyeupe chini ya majani, tikisa na fimbo. Yote itaanguka, panzi, mende, sisimizi. Zile sisimizi uziangalie mara mbili! Kuko buibui za kuruka za jenasi (ni kusema kikundi ya spishi za undugu) Myrmarachne zenye zinajifanya sisimizi, zinainua miguu ya mbele zinaitikisa juu ya kichwa. Hesabu miguu, ikiwa munane umeipata.

4. Foto
Uiweke mu bokali ya kioo, chini utie karatasi ya kaye ya kare, kila kare ni milimita 5, saizi itaonekana yenyewe. Kama hauna kale kalenzi ka kubana ku telefone, jumeli ya zamani ukiigeuza, ile upande ndogo ku mududu na ile kubwa ku telefone, inakuzisha vizuri. Piga juu, pembeni, na zaidi uso. Kisha uirudishe fasi uliitoa.

5. Jina
Ukomee ku jenasi, tafazali. Naona batu banaandika jina yote ya kilatini juu ya foto ya ukungu, ni uongo mutupu. Mu Heliophanus, kwa mufano, zile nyeusi zenye kungaa, spishi ni mingi na zinafanana sana. Wanda Wesołowska wa Poland, mwenye alitoa kazi kubwa juu ya hiyo jenasi mu 1986, anazitenganisha kwa kuangalia viungo vya uzazi mu mikroskopi: bile bikono bidogo bya uso wa dume, na alama ya chini ya tumbo ya jike. Telefone haifike pale.

MASWALI

Mama wa Bagira: Mwalimu, ikiuma mutoto je?
— Mama, usiogope. Sumu iko nayo lakini ni ya badudu, hii ndogo haina hatari kwa mutu.

Dogo wa Kadutu: Yaya, macho ya mbele ilikuwa nyeusi, kisha ikakuwa kama kahawia, ni telefone?
— Hapana dogo, umeona vizuri sana! Kioo ya jicho haisogee, lakini nyuma yake kuko kamurija kenye kubeba retina, ile ngozi yenye inashika mwangaza, na misuli inakasogeza ndani ya kichwa. Ikikulenga wewe unaona weusi, ikiangalia upande unaona rangi ya ndani. Piga video, utaiona ikicheza.

Kaka wa Goma: Inaruka mbali hivyo na miguu myembamba, nguvu inatoka wapi?
— Ni damu, kaka. Inakaza presha ya damu ku miguu ya nyuma, ile inanyooka mara moja. Na mbele ya kuruka inabandika uzi, ikikosa inabakia inaning'inia.

Mama wa Bagira: Sasa itanimalizia mbu mu nyumba?
— Eh mama, ile yenye inapenda mbu iko kandokando ya ziwa Victoria, Evarcha culicivora, inachagua mbu yenye imeshiba damu. Ya kwetu ya mu majani inakula badudu badogo ba mule mule. Wewe tundika chandarua.