Goma hadi Sake kwa baiskeli ya mbio: kuendesha juu ya makoro

Kutoka katikati ya Goma hadi Sake ni kama kilomita 25 za lami, na sehemu kubwa imepita juu ya makoro, mawe meusi ya volkeno. Ukielekea magharibi, ziwa Kivu liko kushoto, volkeno za Nyiragongo (mita 3,470) na Nyamulagira ziko kulia, na mbele inasimama milima ya Masisi. Kwangu mimi hakuna njia nzuri kuliko hii mjini kwetu.

1. Uliza njia. Asubuhi ileile, usitegemee habari za jana. Wamotari wanaotoka Sake ndio wanaojua. Wakisema njia haijatulia, baki nyumbani. Penye askari, simu ikae mfukoni.

2. Tayarisha matairi. Hapa usifanye haraka. Tairi la milimita 23 halifai. Weka 28, au 32 kama fremu inaruhusu. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la 28, bar 5 zinatosha. Koro likivunjika hutoa vipande vyenye makali kama kioo. Kipande hakitoboi papo hapo: kinanasa kwenye tairi, kila mzunguko kinazama kidogo, na pancha inakuja baadaye, mbele ya safari. Kwa hiyo simama Mugunga, mtaa ulio njiani, zungusha kila gurudumu polepole, vitoe kwa pini. Ukipata pancha, pitisha kitambaa ndani ya tairi kabla ya kuweka mpira mpya. Kama kipande bado kimo, nao utatoboka.

3. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Malori bado machache, na makoro hayajashika joto. Juni hadi Agosti kuna vumbi. Wakati wa mvua, maji yanafunika mashimo, basi usipite kwenye dimbwi usilolijua.

4. Wapishe wenye chukudu, vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo. Aliyebeba makaa au viazi akishuka mteremko hawezi kusimama ghafla. Anayetakiwa kupunguza mwendo ni wewe.

5. Jihadhari na mazuku, mabonde yenye hewa inayoua. Kati ya Goma na Sake, hewa ya kaboni dioksidi inatoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na imeua watu na mifugo. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ndipo inapojaa zaidi. Ukitaka kupumzika au kuziba pancha, fanya hivyo juu, kando ya barabara. Usiteremke shimoni kutafuta kivuli au kujisaidia, na ukiona ndege au mbuzi amekufa chini, usimfuate. Mwambie hivyo kila unayeendesha naye, hasa mgeni.

6. Geuzia Sake. Kabla ya kufika utaona lava ya Nyamulagira ya 1938–1940, iliyoshuka mpaka ziwani. Sake njia inagawanyika: moja inafuata ziwa kwenda Minova, nyingine inapanda Masisi. Mlima wa Mushaki unavutia sana, lakini ni njia ya udongo. Uachie baiskeli yenye matairi mapana.

7. Safisha siku hiyohiyo. Vumbi la makoro linasaga mnyororo. Ufute na uoshe kwanza, ukauke, ndipo utie mafuta. Angalia pia mipira ya breki: changarawe ikinasa humo, itachora rimu.