Kabla ya kunywa dawa ya kung'arisha uvimbe wa ubongo

Dawa ya 5-ALA haitibu saratani. Mgonjwa wa glioma kali, aina ya saratani inayoota ndani ya ubongo, huinywa ili uvimbe ung'ae wekundu chini ya mwanga wa buluu wa hadubini ya upasuaji, maana kwa macho matupu kingo zake hazitofautiani sana na ubongo wenye afya. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2006, uvimbe uliokuwa ukionekana kwenye picha uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliopewa dawa hii, na kwa asilimia 36 tu ya waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida.

Mgonjwa apimwe uzito siku za karibuni, kwani kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo. Hunywewa kama saa 3 kabla ya nusukaputi. Hapo ndugu hushtuka: si aliambiwa asinywe kitu? Kikombe hiki kimeruhusiwa. Upasuaji ukichelewa zaidi ya saa 12, hupangwa siku nyingine na dawa hunywewa upya.

Dawa zote za nyumbani zitieni kwenye mfuko mzipeleke kwa daktari, za miti shamba zikiwemo. Doksisaiklini ya kuua bakteria, griseofulvini ya fangasi, baadhi ya vidonge vya presha na vya sukari huifanya ngozi iungue kwa mwanga zikikutana na 5-ALA. Msiziache wenyewe, daktari ndiye aseme ipi isimamishwe na kwa muda gani. Mwenye porfiria, ugonjwa wa mwili kushindwa kutengeneza vizuri kiini chekundu cha damu, hapewi kabisa, na mjamzito aseme mapema.

Suala la mwanga ndilo hupuuzwa zaidi. Maelekezo ya Marekani yanataka mgonjwa akae saa 48 baada ya kuinywa bila jua wala taa kali. Mafuta ya kukinga jua hayasaidii, kwa sababu hata mwanga unaoonekana humuunguza. Kwa hiyo andaeni mapazia mazito, nguo za mikono mirefu na kofia, na waonyeni wageni wasifungue dirisha kwa huruma.

Muulizeni pia mpasuaji: sehemu inayong'aa ikiwa karibu na eneo la ubongo linaloongoza usemi au mkono, ataikata au ataiacha? Mara nyingine kuiacha ndiko kuzuri, na ni afadhali mlisikie hilo kabla.

Dawa nyingine za kung'arisha uvimbe zina masharti yake. Pafolasianini, inayotumika kwenye saratani ya ovari na ya mapafu, hunaswa na vipokezi vya foleti, yaani sehemu za seli zinazonasa vitamini ambayo foliki asidi ni aina yake, hivyo vidonge vya foliki asidi husimamishwa saa 48 kabla. Wengi hawavihesabu kuwa dawa. Vitajeni.