Namna ya kulinganisha maisha ya Stockholm na Umeå kabla ya kuhama

Aliyepata nafasi ya kazi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, na nyingine Umeå, mji wa chuo kikuu ulio zaidi ya kilomita 600 kaskazini, asianze na bei ya mkate na maziwa, kwa kuwa maduka makubwa ya vyakula ni yaleyale nchini kote na bei zake hazipishani sana. Aanze na nyumba.

Jijini Stockholm nyumba nyingi za kupanga hupatikana kupitia foleni ya Bostadsförmedlingen, shirika la jiji la kugawa nyumba za kupanga, ambako mtu hujiandikisha, hulipa ada kila mwaka na kusubiri zamu yake. Maeneo ya katikati ya jiji, kusubiri huko huweza kupita miaka kumi. Ndiyo maana wastani wa pango unaotangazwa humdanganya mgeni: ni pango la waliokwisha kupata nyumba. Yeye atapangishwa na mpangaji mwingine au na mwenye nyumba binafsi, kwa mkataba wa muda na mara nyingi kwa bei ya juu. Kusanya matangazo ya mikataba ya namna hiyo, katika vitongoji ambavyo ungeweza kuishi kweli, kisha uyaweke kando ya nyumba za Bostaden, kampuni ya manispaa ya Umeå, ambako nako kuna foleni, ila fupi zaidi. Uliza kila mahali kama pango limejumuisha joto na maji ya moto. Kama halikujumuisha, kumbuka kwamba Umeå imo katika ukanda wa kaskazini wa bei ya umeme, ambao kwa kawaida ni nafuu kuliko ule wa Stockholm.

Mishahara ilinganishwe baada ya makato. Kodi ya mapato ya manispaa na mkoa kwa pamoja ni zaidi kidogo ya asilimia 30 Stockholm, na zaidi ya asilimia 34 Umeå, hivyo mshahara uleule wa krona 30,000 huacha mkononi krona mia kadhaa pungufu kila mwezi huko kaskazini. Wanaoshangilia pango nafuu husahau jambo hili. Ada ya chekechea isikupotezee muda, kwa sababu ina kikomo cha kitaifa.

Usafiri uhesabiwe kwa fedha na kwa dakika. Tiketi ya mwezi ya Stockholm huzidi krona 1,000 kwa mtu mzima mmoja, ilhali Umeå wengi huenda kazini kwa baiskeli, hata wakati wa theluji.

Yapo yasiyo na bei. Mwishoni mwa Desemba jua la Umeå hukaa juu ya upeo kwa takriban saa nne na nusu, na la Stockholm kwa takriban saa sita. Atembeleaye Juni, usiku usipoingia giza, hajaupima mji. Na kama una mwenzi, tafuta matangazo ya kazi ya taaluma yake katika miji yote miwili kabla hujatia saini, kwani mshahara wa pili ukikosekana Umeå, nafuu yote ya pango huisha.