Jinsi ya Kupima Mmenyuko wa Molekuli Zilizopoozwa Kupindukia
Anza na gesi ya molekuli za potasiamu na rubidi yenye halijoto ya mamia machache ya nanokelvini (sehemu za bilioni za digrii moja juu ya sifuri kamili), kisha uzihamishe zote kwa leza hadi hali moja ya kwantumu, ile ya nishati ya chini kabisa. Usiharakishe hapa: molekuli hizi ni fermioni, chembe ambazo kwa kanuni za kwantumu haziwezi kuwa mbili katika hali ileile, hivyo zinazofanana kabisa huzuiwa kukaribiana, ilhali zikichanganywa katika hali mbili za spini ya kiini (mzunguko wa kikwantumu wa viini vya atomu), mmenyuko huongezeka kasi mara 10 hadi 100. Hesabu zilizosalia kila baada ya muda, na upime halijoto pia, kwani gesi inayopata joto hutanuka na molekuli zake hukutana mara chache zaidi.

Ukiwasha uga wa umeme, molekuli zinazokutana ncha chanya kwa ncha hasi huvutana na kumenyuka upesi. Ili kuzuia hilo, zibane kwa mwanga wa leza katika tabaka jembamba la mlalo, uga ukiwa wima, zikutane ubavu kwa ubavu na kusukumana.